Suti moja ya kijivu: namna ya kuivaa kama Cary Grant

Baba yake mwigizaji wa Hollywood Cary Grant alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha nguo mjini Bristol, Uingereza. Mtazame mwanawe katika North by Northwest ya mwaka 1959: suti ya kijivu ileile karibu filamu nzima, anakimbia nayo mpaka shamba la mahindi, na bado inamkaa. Kinachoifanya imkae ni mabega na pasi, na hata suti ya mtumba inaweza kukupa vyote viwili.

Anza na mabega, kwa sababu kuyapunguza ni kulifumua koti nusu nzima. Vaa koti, simama ubavu kwa ukuta, kisha usogee taratibu. Bega la koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako, lirudishe kwa muuzaji. Angalia na kifuani: ukiona vimapovu, gundi ya ndani imeachia, na hakuna fundi wa kukuokoa.

Yaliyobaki ni ya cherehani. Mikono ifupishwe mpaka shati lichungulie sentimita 1 hadi 1.5, lakini kama tundu za vifungo vya mkononi zimetobolewa kweli, nafasi ya kukata ni ndogo. Kiuno cha suruali kikipunguzwa zaidi ya sentimita 5, mifuko ya nyuma inasogeleana kama macho ya bundi.

Pasi ndiyo huharibu suti nyingi. Chuma kikigusa sufu moja kwa moja, nyuzi hulala na kitambaa hung'aa, hasa magotini, na mng'ao huo hautoki kirahisi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue mpaka kisidondoshe, kitandaze juu ya suti. Bandika pasi sekunde 5, inua, hamia pengine. Usiburute. Kisha iache suruali ilale dakika 5 ipoe, maana ikikunjwa ingali na joto inashika makunyanzi mapya.

Ukosi wa kifuani usiulaze bapa. Koti la Grant lina vifungo vitatu, lakini ukosi umejiviringa hadi cha kati, na hicho ndicho anachofunga. Pasi ikiukandamiza, uviringo unakufa.

Tai iwe ya kijivu pia. Usiku toa kila kitu mifukoni, piga brashi kuelekea chini, tundika kwenye hanga pana, na kesho yake vaa nguo nyingine.