Ladha ya Kahawa Yetu: Inapoumbwa na Tunapoipoteza

Msimu mmoja wa mavuno makuu nilifuatana na mama mmoja mkulima wa upande wa Gatundu hadi chumba cha kuonjea kahawa hapa Nairobi. Amelima kahawa zaidi ya miaka thelathini, lakini nyumbani kwake, kama kwa wengi wetu, kinachochemka jikoni ni chai. Muonjaji alimwaga maji ya moto juu ya unga wa kahawa kwenye vikombe, akangoja dakika nne hivi, akavunja utando wa juu kwa kijiko, kisha akatukaribisha na sisi tuonje. Mama akavuta kijiko cha kwanza, akanyamaza.

"Ina ukali mtamu," akasema, "kama zambarau iliyoiva."

Kijiko cha pili alikitema. Kilikuwa na harufu ya gunia lililolowa.

"Hii mbaya imetoka wapi?"

"Kiwandani kwenu, mama. Na ile nzuri pia."

Tulipofuatilia, ikawa hivi: cheri, yaani matunda ya kahawa, za kikombe cha pili zilichumwa Jumamosi, pikapu ikakwama matopeni, zikalala ndani ya magunia hadi kesho yake mchana. Kilima kilikuwa kile kile, na mibuni ya aina moja. Usiku mmoja tu ndani ya gunia ulitosha kufuta kazi ya miezi minane.

Tangu siku ile, kila ninapofika shambani naanza na jambo hili. Utamu wa kahawa huumbwa ikiwa bado mtini. Ikishachumwa, hakuna mashine itakayouongeza. Tunachoweza ni kuulinda au kuuharibu.

Mlima, udongo na mvua

Ukitoka Nairobi kupitia Ruiru, ukapanda kuelekea Gatundu, Murang'a na mbele zaidi hadi Nyeri, Kirinyaga na Embu, unapita kwenye mashamba ya kahawa yaliyo takriban mita 1,400 hadi 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana kuna jua la kutosha, usiku kuna baridi. Baridi hiyo ndiyo rafiki yetu mkubwa. Tunda la kahawa kwenye joto kali huiva haraka; huku kwetu huchukua miezi kama saba hadi tisa tangu ua, na muda huo wote punje inajikusanyia sukari na asidi zinazoleta ule ukali wa matunda. Punje inatoka nzito na ngumu. Ukiiuma ikiwa kavu, meno yanakujulisha.

Udongo wetu mwekundu ulitokana na mawe ya volkano ya Mlima Kenya na Nyandarua. Ni wa kina kirefu, unapitisha maji bila kutuama na bado unashika unyevu chini, mahali mizizi inapoufuata wakati wa kiangazi. Ila umechoka. Mbolea za viwandani zikitiwa mwaka baada ya mwaka bila samadi, asidi ya udongo hupanda mno na mti hushindwa kula hata ukiwekewa chakula. Pima udongo kabla ya kununua mbolea. Taasisi ya utafiti wa kahawa ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, iko pale pale Ruiru na hupima udongo na majani. Ukiambiwa tia chokaa ya kilimo, tia, hata kama jirani anakucheka.

Mvua zetu ni mbili kwa mwaka, masika na vuli, kwa hiyo tuna mavuno makuu kati ya Oktoba na Desemba na mavuno madogo kuanzia Aprili hadi Juni. Mvua zikivurugika, kama zinavyofanya sasa, mti hutoa maua kwa awamu nyingi na tawi moja linabeba tunda jekundu, la kijani na ua kwa wakati mmoja. Hapo ndipo uvumilivu wa mchumaji unapojaribiwa.

Aina ya mbuni

SL28 na SL34 ndizo zilizoijengea kahawa ya Kenya jina. Zilichaguliwa katika miaka ya 1930 kwenye maabara ya Scott, Kabete. SL28 ilitokana na miti ya Tanganyika iliyostahimili ukame. SL34 ilichaguliwa kutoka mti mmoja wa shamba la Loresho, mahali ambapo leo pamejaa nyumba. Kahawa ya aina hizi mbili ina ladha nzuri sana, lakini hazina kinga dhidi ya chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha matunda ambao wengi wetu tunauita CBD, wala dhidi ya kutu ya majani. Ndiyo sababu ikatolewa Ruiru 11 mwaka 1985, kisha Batian mwaka 2010.

Wakulima huniuliza kama Batian itawapotezea ladha. Jibu langu ni kwamba Batian ina damu ya SL28 na SL34, na ikitunzwa kikombe chake kinasimama vizuri. Ladha inayopotea bila shaka ni ya SL28 isiyopuliziwa dawa, iliyooza nusu mtini. Kama unazimudu dawa na shamba lako liko mahali pazuri, bakiza SL zako. Kama huzimudu, usiling'oe shina zee lenye mizizi mirefu. Likate, kisha ubebeshe Batian au Ruiru 11 juu yake.

Na uupogoe mti. Baki na mashina mawili au matatu, ondoa maotea, acha hewa na mwanga vipite. Mti uliobeba matunda mengi kuliko majani unatoa punje nyepesi, na matawi yanakauka. Mti wenye kichaka ni nyumba ya kunguni wa kahawa, ambaye hutoboa tunda na kufungulia njia vijidudu vinavyoipa kahawa ladha ya kiazi kibichi. Punje moja yenye kasoro hiyo inaharibu kikombe kizima. Matandazo chini na migrevilia michache ya kivuli pembeni hupunguza joto, na kwenye mashamba ya chini kama ya upande wa Thika nayashauri zaidi.

Uchumaji

Shika tunda jekundu sawasawa, libinye kwa vidole viwili. Punje zinateleza zenyewe zikiwa na ute mzito. Ulambe, ni mtamu kama sukari guru iliyoyeyuka. Sasa binya lenye rangi ya manjano-kijani. Ni gumu, punje hazitoki, na ute ni mchache. Utamu ambao hukuuonja hapo ulimini hautaonjwa na mnunuzi yeyote, popote kahawa itakapofika.

Chuma jekundu tu, rudi baada ya siku saba hadi kumi na nne kutegemea kasi ya kuiva. Shida ninayoiona ni malipo. Tunamlipa mchumaji kwa debe, halafu tunashangaa akikwangua tawi zima. Mwongezee kitu kidogo kwa debe lililo safi, na ukague debe mbele yake. Kilo sita hadi saba za cheri hutoa kilo moja tu ya kahawa safi iliyokobolewa, kwa hiyo kila tunda bichi unalopeleka unalibeba bure.

Ukifika kiwandani, mwaga cheri kwenye turubai uchambue. Mabichi, yaliyokauka na yaliyotobolewa yaanikwe kando na ganda lake, ile kahawa tunayoiita mbuni. Cheri ziingie kwenye mashine ya kumenya siku hiyo hiyo ya kuchuma. Gunia lililofungwa jua linapowaka linapata joto ndani, tunda linaanza kuchacha kabla ya wakati wake, na ladha ya pombe au ya siki haitoki tena. Ukiona mawingu ya mvua na barabara yenu ni ya matope, chuma kidogo, au usichume kabisa siku hiyo.

Maji na meza

Baada ya kumenywa, kahawa hulala kwenye tangi ili ute uachie. Muda hubadilika na baridi ya usiku, kwa hiyo usitegemee saa pekee. Chomeka fimbo katikati ya kahawa, uichomoe. Shimo likibaki wazi, na kahawa ikikwaruza mkononi kama changarawe, iko tayari kuoshwa. Ikiendelea kukaa hapo inaoza. Kisha huoshwa mferejini, ambako nyepesi huelea na nzito huzama, na viwanda vyetu vingi huiloweka tena kwenye maji safi, hadi saa 24. Usafi huu ni sehemu ya sifa ya kahawa ya Kenya.

Maji yawe safi kweli. Kuna kiwanda kimoja nilichokifanyia kazi ambapo bomba lilipasuka katikati ya msimu, nasi tukaosha kwa maji yale yale yaliyozungushwa siku kadhaa. Kahawa ilipotoka ilinuka kitunguu. Wakulima zaidi ya mia walilipwa kidogo mwaka ule, na wengine walikuwa wamechuma vizuri kuliko wote. Bado naumia nikikumbuka nyuso zao kwenye mkutano.

Mezani, siku ya kwanza tandaza kwa wembamba ili maji yakauke upesi, halafu polepole. Jua la saa sita likizidi, funika, maana ganda likipasuka punje inakauka ovyo. Funika pia usiku na wakati wa mvua. Kausha hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12, kisha weka kwenye magunia safi, mbali na mafuta ya taa na mbolea. Kahawa hunyonya harufu kama unga wa mahindi.

Jambo moja kuhusu mnada wa Nairobi, kwa sababu huzua ugomvi. AA ni kipimo cha ukubwa wa punje. Haimaanishi ladha bora. Nimeonja AB, daraja la punje ndogo kuliko AA, iliyoishinda AA ya kiwanda hicho hicho. Mnunuzi huonja sampuli kabla ya kutaja bei, kwa hiyo usitulie kwa sababu punje zako ni kubwa.

Yule mama wa Gatundu sasa hubakiza nusu kilo ya mavuno yake. Huitwanga kwenye kinu kutoa ganda, huikaanga kwenye sufuria kavu huku akikoroga bila kuacha hadi iwe kahawia, huisaga, kisha hupeleka chupa kwenye mkutano wa chama. Mwaka jana wajumbe wa kamati walikunywa wakanyamaza, halafu mzee mmoja akauliza tangi lilisafishwa lini mara ya mwisho.