Sindano za kukomaza mapafu: zinavyofanya kazi na jinsi ya kuzitoa

Mapafu ya mtoto aliye tumboni yamejaa majimaji. Ili yashike hewa baada ya kuzaliwa yanahitaji safaktanti, ute ambao takriban asilimia 90 ni mafuta na kiasi kilichobaki ni protini. Bila ute huo vifuko vya hewa hunywea kila mtoto anapotoa pumzi, naye hulazimika kuvifungua upya kwa nguvu. Ndiyo maana njiti hukoroma, mbavu zikabonyea na pua zikatanuka. Seli za vifuko huanza kutengeneza safaktanti karibu na wiki ya 24, lakini kwa kawaida haitoshi mpaka wiki ya 35 hivi.

Anayeharakisha kazi hiyo ni kortisoli, homoni ya tezi za adrenali za mtoto mwenyewe, ambayo hupanda sana wiki za mwisho. Uchungu ukianza, adrenalini huzifanya seli zimwage safaktanti na kunyonya majimaji. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu huweza kuhema haraka hata akiwa ametimiza miezi yake. Insulini nyingi huvuta nyuma ukomavu huo, na ndiyo hatari ya mtoto ambaye mama yake ana kisukari kisichodhibitiwa. Homoni za kiume nazo huchelewesha. Njiti wa kiume huwa nyuma kidogo ya wa kike.

Sindano anayochomwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati humpa mtoto mapema kile ambacho kortisoli ingefanya baadaye. Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha manufaa yake mwaka 1972. Dawa yake ni steroidi, yaani ya jamii ya kortisoli, lakini si kila steroidi inafaa: kondo la nyuma hulemaza sehemu kubwa ya haidrokotisoni na prednisoloni kabla hazijamfikia mtoto. Tumia deksamethasoni au betamethasoni.

Kabla ya kuvuta dawa, hakiki umri wa mimba, ikiwezekana kwa ultrasaundi ya mapema. Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano kati ya wiki 24 na 34, iwapo kuna uwezekano mkubwa wa kujifungua ndani ya siku 7, mama hana dalili za maambukizi (homa, majimaji yenye harufu mbaya), na kituo kinaweza kumhudumia mama na njiti. Kama hakiwezi, panga rufaa mapema.

Deksamethasoni: miligramu 6 kwenye msuli kila baada ya saa 12, dozi 4. Soma lebo: ampuli ya miligramu 4 kwa mililita hukupa dozi kwa mililita 1.5, si ampuli moja kamili. Betamethasoni: miligramu 12 kwenye msuli, dozi 2 zikiachana saa 24. Zote hufikia jumla ya miligramu 24. Andika saa ya kila dozi kwenye faili, maana zamu ikibadilika dozi ya usiku ndiyo husahaulika.

Nguvu kamili huonekana kuanzia saa 24 baada ya dozi ya kwanza hadi siku ya 7. Hata hivyo, usiache kuanza kwa kuwa mama huenda akajifungua kabla ya kumaliza. Dozi moja pia husaidia. Na usicheleweshe kumzalisha mama anayetoka damu nyingi eti umalizie sindano.

Kosa la upande wa pili ni kuchoma “kwa tahadhari tu” wakati hakuna dalili za kujifungua. Siku 7 hupita, kisha mtu anataka kurudia. Marudio ni mara moja tu, hatari ikiwa bado ipo. Mizunguko mingi hupunguza uzito wa mtoto.

Sukari ya mama itapanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwenye kisukari apimwe mara kwa mara na insulini irekebishwe. Chembe nyeupe za damu ya mama nazo hupanda kidogo. Zisikufanye udhani ni maambukizi, ila homa usiipuuze. Mtoto anaweza kupunguza kucheza siku ya 2 au ya 3, na hali hiyo hupita, lakini mapigo ya moyo yake yapimwe vilevile. Akizaliwa, mpime sukari, kwani inaweza kushuka, hasa ikiwa mama alichomwa baada ya wiki 34, nje ya muda uliotajwa hapo juu.