Barcelona kabla ya kupanda meli: chagua chumba, hoteli baadaye

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda vya watu kwenye meli za kitalii. Asubuhi ya kwanza ya safari ningemwona abiria akitoka chumbani na ningejua alilalaje usiku wa kuamkia kupanda, kabla hajanisalimia. Wengi macho yalikuwa mekundu. Wakisingizia ndege. Ukiwachimba kidogo unakuta usiku mmoja mjini, hoteli iliyochaguliwa kwa picha za kitanda na bakuli la matunda.

Hata mimi yalinipata, tena baada ya kustaafu, nikiwa najiona mjuzi. Nilimwambia mke wangu kwamba safari hii tunapanda kwa mlango wa abiria. Tukatoka Mombasa, tukapitia Istanbul, tukafika Barcelona, na kesho yake tukapande meli ya siku saba kuzunguka Mediterania. Hoteli niliichagua mwenyewe kwa sababu iliandikwa "dakika tano kutoka bandarini". Ilikuwa kichochoroni nyuma ya La Rambla, ile njia maarufu ya watalii, chumba ghorofa ya kwanza, na chini yetu baa. Mpaka saa tisa usiku watu wanaimba. Saa kumi na moja likaja lori la kuzoa chupa. Alfajiri wakaanza kubingirisha mapipa ya bia juu ya mawe. Mke wangu akakaa kitandani, akajifunga leso kichwani, akasema, "Bora tungelala sokoni Kongowea, angalau tungeamka na nyanya."

Tangu siku hiyo wapwa zangu walioko Uingereza na majirani wa huku nyumbani hunipigia kabla ya kulipa. Ninayowaambia ni haya.

Kwanza fungua tikiti ya meli utazame gati. Bandari ya Barcelona ina sehemu zaidi ya moja za meli za kitalii. Meli kubwa nyingi hufunga Moll Adossat, gati refu sana ambalo unalifikia kwa kuvuka daraja la Porta d'Europa. Kule hakuna hoteli hata moja. Chache, ambazo zinazidi kupungua, hufunga upande wa World Trade Center, karibu na mnara wa Columbus mwisho wa La Rambla, na huko waweza kutembea kwa miguu. Kwa hiyo neno "karibu na bandari" kwenye tangazo la hoteli halikuahidi chochote. Kama meli yako iko Moll Adossat, utapanda teksi au lile basi la bandarini linaloanzia karibu na mnara wa Columbus, hata ukilala chini ya mnara wenyewe. Na mradi teksi ni lazima, dakika kumi za ziada ndani yake si kitu, na dakika hizo kumi ndizo zinazokutoa kwenye kelele.

Sasa nikupe siri ya ustiwadi, yaani kazi yetu ya kuhudumia vyumba. Kwenye meli, sisi wafanyakazi tukipewa nafasi ya kumchagulia ndugu chumba, hatutazami ukubwa. Tunafungua ramani ya deki na kuuliza maswali matatu: juu yake kuna nini, chini yake kuna nini, na ukuta wa pili kuna nini? Chumba kilicho chini ya bwawa la kuogelea kinaburutiwa viti tangu alfajiri. Kilicho juu ya ukumbi wa muziki kinapigiwa ngoma. Cha mbele kabisa kinaamshwa na mnyororo wa nanga. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba vya kulala juu, chini na kila upande, kwa sababu jirani aliyelala hana kelele, labda akorome.

Hoteli ya mjini ni meli iliyokwama. Maswali ni yale yale, ila "chini" mara nyingi ni baa, "juu" ni mtaro wa paa wenye vinywaji na muziki, na "ukuta wa pili" ni lifti, mashine ya barafu, au ule mlango wa kuunganisha vyumba viwili ambao hupitisha hata pumzi. Mimi huongeza la nne: stoo ya mashuka. Toroli zetu huanza kugonga mapema, na stiwadi wakikutana asubuhi hawanong'oni. Nalijua hilo kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

Tuje kwenye mitaa. Mji mkongwe, yaani Barri Gòtic, El Born na Raval, ni mzuri wa kutembelea na mgumu wa kulala. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Mji wa Kale kwetu, kwa hiyo sauti ya mtu mmoja inapanda ukutani mpaka ghorofa ya nne bila kupungua. Isitoshe, teksi haiingii kila kichochoro, na utaburuta masanduku juu ya mawe ukitazamwa na wezi wa mifukoni, ambao La Rambla hawakosekani. Raval ninaipenda kwa tumbo: Wapakistani wamejaa pale, halali unaipata bila kuuliza mara mbili. Lakini nenda ule, urudi ulale kwingine.

Kwingine kwenyewe ni Eixample, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ufunguo ulipo. Eixample ni ule mji wa miraba uliochorwa na mhandisi Ildefons Cerdà katika mpango wake wa 1859. Kila mtaa ni mraba wa mita 113 hivi kila upande, pembe zake zimekatwa, na majengo yamezunguka ua ulio wazi katikati. Cerdà alitaka ua huo uwe bustani. Nyingi zilijengwajengwa baadaye, lakini nafasi ya katikati ilibaki. Jengo moja la Eixample kwa hiyo lina nyuso mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Uso wa barabarani una pikipiki, mabasi na taa za barabarani. Uso wa uani una nguo zilizoanikwa, paka, na redio ya bibi mmoja. Mgeni anayelala mbele na anayelala nyuma wamelipa hoteli moja, na kesho wataandika maoni mawili yasiyojuana.

Kwa hiyo neno la kulitafuta kwenye orodha ya vyumba ni *interior*, yaani chumba kinachotazama ndani. Mara nyingi huwa cha bei ya chini kuliko chenye roshani ya barabarani, kwa vile watu wanataka mandhari. Wewe mandhari utayapata baharini siku saba. Tahadhari moja tu: kuna *interior* inayotazama ua mpana wa mtaa mzima, na kuna nyingine inayotazama shimo la hewa jembamba lenye bomba la jiko la hoteli. Hiyo ya pili inanuka kitunguu na kuvuma mpaka jiko lifungwe, na Wahispania wanakula chakula cha usiku saa tatu, saa nne. Uliza ni ipi. Uliza pia kama uani kuna shule, ukipenda kulala mchana.

Ndani ya Eixample yenyewe epuka hoteli ambazo chumba ulichopewa kinatazama barabara za Aragó, Gran Via au Balmes. Aragó ni mto wa magari. Vyumba vya pembeni, kwenye zile kona zilizokatwa, vinapendeza kwenye picha lakini ndipo pikipiki zinapoongezea moto taa ikiwa kijani. Barabara ya Consell de Cent ni habari nyingine: mwaka 2023 sehemu yake ndefu ilikamilika kugeuzwa njia ya watu wa miguu, na magari yamepungua kweli. Zimebaki meza za mikahawa tu, basi panda juu, ghorofa ya nne kwenda mbele.

Nikilazimishwa kutaja pembe moja nitataja Sant Antoni, kati ya vituo vya metro vya Urgell na Rocafort. Basi la Aerobús kutoka uwanja wa ndege lina kituo Gran Via na Urgell, unashuka na kutembea. Barabara ya Paral·lel iko karibu, na bandari ni teksi fupi. Raval, kwa kile chakula cha halali, ni ng'ambo ya barabara. Poble-sec nayo ina utulivu wake ukipanda kuelekea mlima wa Montjuïc, mradi usilale Carrer de Blai, ambako kila mlango ni baa ya vitafunio.

Kabla ya kulipa fanya mambo mawili. La kwanza ni kusoma maoni, lakini si yote. Andika *ruido*, yaani kelele, kwenye kisanduku cha kutafutia, usome wanachosema Wahispania wenyewe. Mjerumani akilalamika kelele, pima. Mhispania akilalamika kelele, kimbia. Tazama pia mwezi: maoni ya Januari yameandikwa na watu waliofunga madirisha, na wewe unakwenda Julai. La pili ni kufungua picha za mtaa kwenye ramani ya simu na kutazama mlango wa jirani. Shata ya chuma iliyofungwa mchana kweupe huenda ni duka lililokufa, huenda ni klabu inayofufuka usiku. Na lile pipa kubwa la kijani kando ya njia ni la chupa. Likiwa chini ya dirisha lako, kila baa ya mtaa huo itakujulisha saa yake ya kufunga.

Kisha waandikie hoteli moja kwa moja. Usiandike "naomba chumba tulivu", kila mtu anaandika hivyo na kila mtu anajibiwa ndiyo. Uliza jambo linalojibika. Mimi hutuma hivi, nikiutafsiri kwa simu kwa Kihispania:

"Habari. Tutalala usiku mmoja kabla ya safari ya meli, sote tumevuka miaka sitini. Tunaomba chumba kinachotazama ua wa ndani wa mtaa, ghorofa ya tatu au zaidi, mbali na lifti, kisicho na mlango wa kuingilia chumba cha pili. Je, dirisha lina vioo viwili? Je, kuna baa au mtaro juu au chini ya chumba hicho?"

Wakijibu hoja kwa hoja, lipa. Wakijibu "tutajitahidi", tafuta wengine.

Kuhusu tarehe: usiku wa Juni 23 ni mkesha wa sikukuu ya San Juan, fataki mpaka kucha, na hakuna kioo kinachozuia. Siku zinazozunguka Septemba 24 ni sikukuu ya La Mercè. Katikati ya Agosti usilale Gràcia, mtaa mzima unacheza. Ukiangukia San Juan, hesabu kwamba hukulala, ufurahie.

Kwa sisi wa pasipoti za huku kuna jingine, japo si la usingizi. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi kwenye maombi ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo weka chumba kinachoweza kufutwa bila faini, ukibadilishe baada ya kupata jibu. Na kama meli inatia nanga Tangier, Moroko, utakuwa umetoka Schengen na utahitaji kuingia tena. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Ukifika, usifungue sanduku. Zima kiyoyozi, funga dirisha, kaa kitandani dakika tano kimya. Ukisikia mashine ikivuma au lifti ikigonga, shuka mapokezi saa hiyo hiyo. Saa tisa alasiri bado wana funguo za kubadilisha, saa mbili usiku wana samahani tu. Na shuka kwa upole. Mtu wa mapokezi ni kama stiwadi: chumba kizuri kipo, anangoja mtu wa kumpa. Hapo hapo utalipa kodi ya watalii, inahesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi nje ya bei uliyoiona.

Baada ya safari mambo yanageuka. Meli inakushusha saa mbili asubuhi, chumba cha hoteli kinafunguliwa saa tisa alasiri, na kichwa bado kinayumba kana kwamba sakafu ina mawimbi. Hapo stoo ya mizigo na viti vya ukumbini vina thamani kuliko ghorofa ya nne. Waandikie mapema kwamba mtawaachia mabegi asubuhi, na mwulize kama chumba kikiwa tayari mapema watawapigia. Safari yetu ya pili walitupigia saa sita, tukiwa Raval, sahani za biriani ndiyo kwanza zinatua mezani. Mke wangu alizitazama zile sahani, akaitazama simu, akamwambia kijana atufungie.