Kupima sera: watafute kwanza wale ambao haikuwagusa

Tathmini ya kwanza niliyoandika ilihusu mafunzo ya ufundi kwa watu waliokosa kazi. Nilichukua kipato chao kabla ya mafunzo na baada yake, nikakuta kimepanda, nikaandika kwamba mradi umefaulu. Nilikosea. Mtu hujiandikisha kwenye mafunzo kama hayo wakati kazi imekatika na hali imekuwa ngumu. Wengi wangeinuka kidogo hata bila darasa. Mwanauchumi Orley Ashenfelter alikwisha kulionyesha hilo mwaka 1978: mapato ya washiriki yalishuka muda mfupi kabla ya kujiunga.

Tangu siku hiyo siandiki swali hata moja la hojaji kabla ya kujiuliza: bila sera hii, watu hawa wangekuwaje? Nawe anzia hapo. Halafu tafuta kundi la kulinganisha, yaani watu wanaofanana na walengwa wako lakini sera haikuwafikia.

Mfano ninaoutumia kila ninapofundisha ni wa David Card na Alan Krueger. Aprili 1992, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake, Pennsylvania, halikubadilisha kitu. Watafiti hao walihoji mikahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada. New Jersey, wastani wa wafanyakazi kwa mkahawa ulitoka 20.44 hadi 21.03. Ukiishia hapo, utasema hakuna kilichotokea. Lakini Pennsylvania ulishuka kutoka 23.33 hadi 21.17. Toa badiliko la jirani kwenye badiliko la walengwa: 0.59 kutoa hasi 2.16, unapata 2.75. Ajira haikupungua kama wengi walivyotarajia.

Hesabu hiyo ni ya dakika moja. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba makundi hayo mawili yangekwenda sambamba kama sera isingekuwapo. Kwa hiyo kusanya takwimu za miaka kadhaa ya nyuma uzichore. Mistari ikiwa inaachana tangu zamani, tafuta jirani mwingine, hata kama umeshatumia miezi kwa huyo wa kwanza. Inauma, najua.

Eleza pia ulivyopima. David Neumark na William Wascher walirudia swali la New Jersey kwa kumbukumbu za malipo ya mishahara badala ya mahojiano ya simu waliyotumia Card na Krueger, na mwaka 2000 wakachapisha jibu tofauti: ajira ilipungua. Wasomi wanabishana juu ya hilo hadi leo, na wanaweza kubishana kwa sababu kila upande uliweka wazi chanzo chake.

La mwisho, usiwaache waliotoweka. Card na Krueger waliifuatilia hata mikahawa iliyofungwa na kuihesabu kuwa na wafanyakazi sifuri. Mhojiwa wako asipopokea simu, piga tena, kisha tuma mtu mlangoni kwake kabla hujalifuta jina lake kwenye orodha.