Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba: Namna ya Kuvitumia kwa Usalama

Vidonge ambavyo wengi wetu hapa Mombasa tunaviita P2 huuzwa katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari, na kwa sababu hiyo mara nyingi hununuliwa kwa haraka, kwa sauti ya chini, bila mnunuzi kuuliza wala kuelezwa lolote. Somo hili ni la yule ambaye kondomu imempasukia, tarehe ya sindano ya uzazi imempita, au tendo limefanyika bila kinga.

Kwanza ieleweke dawa inafanya nini. Homoni iliyomo, levonogestreli, huchelewesha yai kutoka, ili mbegu za kiume, ambazo zaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, zife kabla yai halijafika. Yai likiwa limekwisha kutoka, dawa haina la kufanya. Na mimba ikiwa imekwisha kutunga, dawa haiitoi wala haimdhuru mtoto. Ndiyo maana ninasisitiza muda kuliko jambo lingine lolote.

Hatua ya kwanza ni kumeza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Hadi saa 120 dawa yaweza kusaidia, lakini nguvu yake hupungua kadiri unavyochelewa. Dada wa Likoni anayengoja kesho avuke feri ili anunue mjini asikojulikana anapoteza saa ambazo hazirudi. Haya ya dakika chache mbele ya muuzaji wa mtaani kwake ni nyepesi kuliko hasara hiyo.

Hatua ya pili ni kununua katika duka lililotundika leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, kwa kuwa P2 bandia zimewahi kuuzwa nchini. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, hakikisha pakiti haijafunguliwa, kisha usome kipimo. Kidonge cha miligramu 1.5 humezwa kimoja tu. Vikiwa viwili vya miligramu 0.75, vimeze vyote kwa pamoja: maelekezo ya zamani yaliyotaka vipishane kwa saa 12 yamewafanya wengi wasahau cha pili kwenye mkoba. Ukitapika kabla ya saa 3 kupita, meza dozi nyingine.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kwa kuwa yai limecheleweshwa tu, laweza kutoka siku chache baadaye, na tendo la kesho bila kinga linaweza kuleta mimba ile ile uliyoikimbia leo. Tumia kondomu hadi hedhi ijayo, au anza njia ya kawaida ya uzazi wa mpango siku hiyo hiyo huku ukitumia kondomu kwa siku 7. Hedhi yaweza kuwahi au kuchelewa kidogo. Ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba.

Vidonge hivi havizuii virusi vya UKIMWI. Ikiwa kuna wasiwasi huo, dawa za kuzuia maambukizi lazima zianzwe ndani ya saa 72. Aliyebakwa aende hospitalini mara moja. Hospitali Kuu ya Pwani, yaani Makadara, ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa, na simu ya 1195 hupigwa bila malipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Kisauni: Ninatumia dawa za kifafa. Je, P2 itanifaa?

Jibu: Mwambie mfamasia jina la dawa yako kabla ya kununua. Kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya P2, kama zifanyavyo rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya UKIMWI, na huenda ukahitaji dozi maradufu. Lililo bora kwako ni koili ya shaba, ambayo ikiwekwa ndani ya siku 5 huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99. Dada wenye uzito mkubwa nao waifikirie, kwani P2 hupungua nguvu kwao.

Swali, Mji wa Kale: Nimefunga Ramadhani na kondomu ilipasuka usiku. Je, ningoje futari?

Jibu: Hukumu ya saumu muulize sheikh wako. Kwa upande wa dawa, kumeza kabla ya adhana ya alfajiri ndiko bora. Ukishapitwa, kungoja hadi magharibi ni kuongeza takriban saa 13. Bado utakuwa ndani ya saa 72, lakini kama tendo lilikuwa juzi, usiongeze hata saa moja.

Swali, Kongowea: Nimeshatumia mara kadhaa. Je, nitakuwa tasa?

Jibu: Hapana, dada. Hata hivyo hedhi itakuvurugikia, na kinga yake ni ndogo kuliko ya sindano au kipandikizi, ambavyo hutolewa katika zahanati za umma.

Swali, Bamburi: Nilimeza mwezi uliopita. Hedhi haijaja, na tumbo la chini linaniuma sana upande mmoja.

Jibu: Usinunue kidonge kingine wala dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitalini leo hii, upimwe mimba na kupigwa picha ya tumbo, kwa sababu maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo huhatarisha maisha.