Somo: Upepo wa matairi, na kufunga tairi likakaa sawasawa

Wengi wetu tukienda kujaza upepo tunainama, tunasoma namba ya ubavuni mwa tairi, tunajaza hiyo. Kosa linaanzia hapo. Namba ya ubavuni ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvuka. Aliyelitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani. Mwenye kujua ni aliyetengeneza gari, naye amekuandikia.

1. Soma kibandiko. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Magari mengine wamekibandika ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Utakuta kipimo cha mbele na cha nyuma, mara nyingi havifanani, na pengine kipimo kingine cha gari lililojaa watu na mizigo. Usichanganyikiwe na vizio: PSI 32 ni kama kPa 220, au bar 2.2.

2. Pima tairi likiwa la baridi. Asubuhi kabla hujaondoka, au gari likiwa limesimama kwa muda wa saa 3 hivi. Ukishaendesha, hewa ya ndani inapata joto na kipimo kinaweza kupanda PSI 4 au zaidi. Sasa mtu anapima njiani, anaona 36, anapunguza mpaka 32. Kesho asubuhi tairi hilo lina 28 na yeye ana uhakika amefanya vizuri. Naomba sana, tairi la moto usilipunguze upepo. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavu kila linapozunguka, kujikunja kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na nyuzi za ndani mpaka tairi likapasuka ukiwa kwenye mwendo.

3. Uwe na geji yako ya kupimia upepo. Ikandamize wima kwenye vali mpaka ile "sss" ikome. Ikiendelea kulia, geji haijakaa na namba unayoiona ni ya uongo. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye mdomo wa vali. Kipovu kikivimba, vali inavuja. Rudisha kifuniko chake, kinazuia vumbi na maji. Pima kila mwezi, maana hata tairi zima hupoteza karibu PSI 1 kwa mwezi. Spea pia. Ile nyembamba ya dharura kwa kawaida inataka PSI 60, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa.

4. Safisha kabla ya kufunga. Hapa nitakaa kidogo. Niliwahi kubadilishiwa tairi baada ya pancha, nikaenda kama kilomita 40, usukani ukaanza kutetemeka. Nikasimama, nikagusa nati: mbili zilizunguka kwa vidole. Tulipolitoa tairi tukakuta ganda la kutu kwenye uso wa habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho ringi hufungwa juu yake, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ringi ilikuwa imelalia kutu, haijagusa chuma. Kutu iliposagika, nafasi ikabaki na nati zikalegea. Tangu siku hiyo brashi ya waya haitoki kwenye gari langu. Sugua uso wa habu na mgongo wa ringi mpaka chuma kionekane.

5. Kaza kwa kuvuka. Anza nati zote kwa mkono, upande uliochongoka ukielekea kwenye ringi, mpaka kila moja iingie bila kulazimishwa. Kisha kaza kwa kuruka upande wa pili, usifuate duara, maana ukifuata duara ringi inavutwa upande mmoja. Shusha gari chini ndipo umalizie. Nguvu halisi ya kukazia iko kwenye kitabu cha gari. Magari mengi madogo yanataka kama Nm 100 (nyutoni-mita, kizio cha nguvu ya kukaza). Kusimama juu ya spana kunavuta stadi, zile bolti zinazopokea nati, kupita kiasi, na oili kwenye nyuzi za stadi inafanya vilevile. Rudia kukagua nati baada ya kilomita 50 hadi 100.

MASWALI

*Mkuu, shukrani kwa somo. Gari langu lina taa ya upepo kwenye dashibodi. Bado nipime?*
Pima, ndugu. Mifumo mingi inasubiri upepo upungue kama robo ndipo iwashe taa. Kama kipimo chako ni 32, utaonywa kwenye 24, na tairi limeshaumia.

*Nimeweka ringi za alumini. Matundu ya nati yanalingana ila gari linatetemeka nikifika 90.*
Kama magurudumu yameshabalansiwa, pima tundu la katikati. Likiwa kubwa kuliko habu, weka pete ya kuziba nafasi hiyo. Angalia pia nati: zilizochongoka hazikai kwenye kiti cha mviringo (pale nati inapolalia ringi), hata zikikaza vipi. Na uhakikishe umbali wa matundu. Ringi ya 5x112 (matundu 5 kwenye duara la mm 112) inaweza kulazimishwa kwenye habu ya 5x114.3 ikaonekana imeingia, kumbe stadi zimepinda. Ikiwa hivyo, itoe leo.

*Kujaza nitrojeni badala ya hewa je?*
Hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78. Si mbaya, ila haikuondolei kazi ya kupima.

*Kaka, nimepima asubuhi hii kama ulivyosema. Matatu yana 31, la nyuma kushoto 22.*
Tofauti hiyo si ya mwezi mmoja, hilo linavuja. Lijaze mpaka kipimo cha kibandiko, upake povu la sabuni kwenye vali, ukingo wa ringi na uso wote wa tairi. Ukikuta msumari usiung'oe hapo nyumbani, ndio unaoziba tundu. Funga spea, hilo lipeleke kwa fundi na msumari wake ndani.