Mkanda wa mbavu: mambo ya kuzingatia kabla hujaununua

Bodaboda ikiteleza kwenye mchanga wa njia za mitaani Dodoma, usukani hugeuka na ncha yake humgonga dereva ubavuni. Kibaigwa mtu huanguka kutoka kwenye lori akiwa na gunia la mahindi begani. Bahi na Chamwino ng'ombe humpiga teke anayemkamua. Kesho yake wote hao hufanana: kila mmoja hawezi kucheka, akipiga chafya machozi yanamtoka, kujigeuza kitandani ni shughuli nzima. Ndipo mtoto anatumwa famasi akalete mkanda wa mbavu. Mara nyingi anarudi na mkanda wa kiuno, mgonjwa anafungwa barabara kama mzigo wa baiskeli, na baada ya siku chache anaanza homa na kikohozi.

Homa hiyo haiji bure. Zamani waganga wa hospitali nao walikuwa wakibana kifua kwa plasta pana, kisha wakaacha, kwa sababu kifua kilichobanwa hakipanuki. Sehemu za chini za mapafu hazipati hewa, makohozi yanatuama, na nimonia inapata pa kukaa. Mfupa wa ubavu hauungwi na mkanda wala hauwekewi hogo. Hujiunga wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 6 hivi, na wakati mwingine huchukua hadi 12. Kazi ya mkanda ni moja tu: kupunguza maumivu ya mtikisiko ili mtu aweze kutembea, kukohoa na kuvuta pumzi ndefu. Mkanda unaopunguza maumivu kwa kupunguza pumzi ni wa kurudisha dukani, hata kama mgonjwa mwenyewe anausifu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama huyu ni mtu wa mkanda au ni mtu wa hospitali. Mkalishe atulie, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima bila kumwambia unahesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 25, au akishindwa kumaliza sentensi bila kukatisha, msiende kununua chochote, mpelekeni. Kama kuna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, namba ikiwa chini ya 94 ni safari hiyo hiyo. Makohozi yenye damu, midomo kubadilika rangi, kizunguzungu na jasho la baridi, au kipande cha kifua kinachoingia ndani wakati kingine kinatoka nje, yote ni dharura. Mtu wa zaidi ya miaka 65 aonwe na daktari hata akisema ni maumivu madogo. Mtoto vilevile: mbavu zake ni laini na hupinda bila kuvunjika, hivyo ikivunjika moja, jua nguvu iliyompiga ilikuwa kubwa na ndani panaweza kuwa pameumia.

Angalia pia panapouma. Mbavu ziko jozi 12, na zile za chini zimefunika viungo vinavyovuja damu bila kuonekana nje. Kushoto kuna bandama, kulia kuna ini, nyuma pande zote mbili kuna figo. Aliyeumia mbavu za chini kisha tumbo likaanza kuuma au kukaza, bega la kushoto likauma bila kuguswa, au mkojo ukawa na damu, huyo anahitaji kipimo cha tumbo siku hiyo hiyo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Waliopo Kondoa, Chemba au Mpwapwa waanze hospitali ya wilaya mapema mchana. Kungoja hadi usiku ndiyo utafute gari ni kumchelewesha mtu ambaye damu inavuja. Na picha ya eksirei ikisema mbavu haina ufa, maumivu yasidharauliwe. Ufa mdogo mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kawaida, na picha hiyo hupigwa hasa kuangalia kama pafu limetobolewa au damu imejaa kifuani.

Halafu kuna kichomi. Watu wengi huita kichomi kila maumivu ya ubavu, na mkanda ukanunuliwa kwa mtu ambaye hakuanguka wala hakupigwa. Maumivu ya ubavu yenye homa huenda ni nimonia. Yenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kupungua uzito, nenda kapime kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa zake ni bure. Kufunga mkanda juu ya ugonjwa wa mapafu ni kuuongezea nguvu. Wenye pumu, mapafu yaliyochoka kwa sigara, mbavu tatu au zaidi zilizovunjika, na wajawazito, wasivae mkanda bila kuambiwa na daktari.

Ukishavuka hapo, shika futi ya fundi cherehani. Zungusha kwenye chembe cha moyo, pale mfupa wa kifua unapoishia, futi ikae usawa mbele na nyuma, mikono ya mgonjwa imelala chini. Andika namba tatu: baada ya kutoa pumzi ya kawaida, baada ya kuvuta ya kawaida, na baada ya kuvuta ndefu kadiri anavyoweza. Tuseme umepata sentimita 88, 90 na 93. Mkanda unaofaa ni ule ambao vipimo vyake kwenye boksi vinameza 93 na bado kuna nafasi. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Usiamini herufi M au L, maana kila kiwanda kina M yake. Kama boksi limeandikwa kwa inchi, zidisha kwa 2.54.

Dukani utaonyeshwa mikanda ya aina tatu inayofanana ukiitazama kwa haraka. Wa kiuno una vyuma au plastiki ngumu mgongoni. Huo unakandamiza tumbo na hauna kazi kwenye mbavu. Wa wazazi waliojifungua umetanuka kwa chini, na ukipandishwa kifuani unateleza. Wa mbavu ni laini wote, hauna vyuma, una upana wa sentimita 15 hivi, na unavutika kwa mpira. Wa wanawake umekatwa chini kidogo mbele ili ukae chini ya matiti, na mama anayenyonyesha asikubali wa kiume, utamkandamiza. Aliyeumia mbavu za juu, karibu na kwapa au chini ya mtulinga, asipoteze hela, kwa sababu mkanda haufiki huko kwa namna ya kusaidia. Bandeji ya krepu ya kuzungusha nayo tusiipendekeze: kila mzunguko unaongeza mbano, na mwishoni hakuna anayejua imekaza kiasi gani.

Jaribu hapo hapo dukani, juu ya fulana ya pamba. Mgonjwa apumue kawaida, asibane pumzi. Zungusha, velkro zishikane kwa upana wa vidole vinne angalau, na fungio likae mbele au upande usioumia, kamwe si juu ya panapouma. Pitisha vidole viwili bapa chini ya ukingo wa juu na wa chini. Visipopita, legeza. Sasa avute pumzi ndefu na futi ikiwa mahali pake. Akiwa hajavaa alifika 93; akiwa amevaa asipungue sana hapo, na kwa sababu maumivu yametulia huenda akazidi. Hicho ndicho kipimo cha kweli. Mwisho akae kwenye kiti na ainame kidogo kama anafunga viatu. Ukingo wa chini ukimchoma tumbo, au mkanda ukipanda hadi kwapani, si wake.

Hali ya hewa ya Dodoma ina neno lake hapa. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi, vumbi ni jingi, na vumbi huleta kikohozi, kitu ambacho mwenye mbavu anakiogopa kuliko vyote. Kabla ya kumrudisha nyumbani, fagieni chumba kwa kunyunyizia maji na msiwashe mkaa ndani. Chagua mkanda wenye matundu na bitana ya pamba. Ule wa sponji nene huloa jasho kufikia saa nne asubuhi na kuleta vipele. Nyuzi na vumbi hujaa kwenye meno ya velkro hadi iache kushika, basi isugue na mswaki wa zamani. Ufue kwa mkono na maji baridi, uuanike kivulini. Jua letu likiunguza mpira wiki moja tu, mkanda unalegea kama kamba.

Uvaliwe wakati wa shughuli: kuamka, kutembea, kupanda bajaji. Kitandani uvuliwe. Na kila saa akiwa macho, avue au alegeze, kisha avute pumzi ndefu mara 10, kila moja aishike kwa sekunde 3. Akitaka kukohoa, akumbatie mto au khanga iliyokunjwa mara nne, abonyeze panapouma, akohoe kwa nguvu. Khanga hiyo ni msaada mzuri kuliko mikanda mingi ya dukani, na ipo tayari nyumbani.

Dawa ya maumivu itangulie mkanda, isiwe ya kukimbilia usiku. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kumeza paracetamol ya miligramu 500 vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Nusu saa hadi saa moja baadaye ndiyo nafasi nzuri ya mazoezi ya pumzi. Ibuprofen isipewe mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo. Siku mbili za mwanzo barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 husaidia. Kuchua kwa mafuta ya moto na kukandwa na mtaalamu wa mtaani kusifanyike kabisa, kwa sababu ncha ya mfupa iliyovunjika ikisukumwa ndani inakutana na pafu.

Baada ya siku chache za mwanzo, muda wa kuvaa upungue kila siku. Wiki mbili zikipita na mgonjwa bado anauhitaji kama siku ya kwanza, au homa ikianza hata siku moja, mkanda uvuliwe na arudi kwa daktari.